Jiwe, Karatasi, Mkasi na Kiti cha Baba

Pa! Pa! Pa!

Ngumi inagonga kiganja, mara tatu, kisha kimya. Halafu tena: pa, pa, pa.

Nilikuwa bado nimejifunika shuka gubigubi, lakini sikuhitaji kufumbua macho ili nijue kiganja kile ni cha nani. Kiganja kizito, kinachogongwa polepole kama mtu anayepigilia msumari asioutaka uingie, ni cha kaka yangu. Alikuwa uani, nyuma ya ukuta wa mbao, anafanya mazoezi.

Nilicheka humo humo ndani ya shuka. Gogo, ndivyo ninavyomwita, anafanya mazoezi! Hata gogo lenyewe lingeona aibu.

Kama wewe ni mgeni katika mikosi yangu, karibu, nafasi ya kukaa ipo. Wa zamani mnajua. Gereji walinifukuza kwa sababu nilitunga shairi kuhusu tumbo la meneja, na mafundi wakalikariri kabla ya chakula cha mchana. Mwenye nyumba naye alinitolea godoro nje kwa kuwa nilimjibu kwa vina. Nikarudi kwa baba, kinyozi wa mtaa mzima, na wiki iliyopita gazetini nilikomea pale mikono yake ilipoanza kutetemeka, akamkata mteja sikio, akaweka mashine mezani na kutuambia sisi wawili, "Mimi basi."

Saluni moja. Kiti kimoja. Wana wawili.

"Atakayebaki hapa ni mmoja," alisema baba. "Mwingine ataenda kwa mjomba wenu."

Mjomba wetu ni dobi. Anafua mashuka ya nyumba za wageni. Sitaki kusema zaidi, kuna watu wanasoma gazeti hili huku wanakula.

Sasa, katika familia yetu hakuna ugomvi unaoamuliwa kwa maneno. Tangu tukiwa wadogo, nani aoge kwanza, nani alale upande wa dirisha, nani akiri kuvunja sahani, yote yalimalizwa kwa jiwe, karatasi, mkasi, na baba ndiye refa. Jiwe huvunja mkasi, mkasi hukata karatasi, karatasi hufunika jiwe. Hayo kila mtoto anayajua. Sheria za baba ndizo ngumu. Mikono ishuke pamoja. Mkono ukichelewa, mnarudia. Uliokwisha kuonyeshwa haubadilishwi. Na aliyeshindwa amshike mwenzake mkono huku anamtazama machoni.

Hiyo ya mwisho sijawahi kuiweza. Nikishindwa hutazama dari.

Basi Jumapili ile ile ya mazoezi ya uani, baada ya adhuhuri, saluni ilijaa. Waliokuja hawakuwa na shida ya nywele. Nusu yao wana vipara. Walikuja kuona mtoto wa watu akipelekwa kufua. Dereva wa teksi alikaa juu ya beseni. Muuza nyama wa jirani alisimama mlangoni na aproni yake yenye damu, amejaza mlango mzima, na kelele zake zimejaza chumba.

"Malenga!" aliniita. Hilo ndilo jina wanaloniita, na hulitamka kana kwamba ni ugonjwa. "Leo unakwenda kutungia mashuka mashairi!"

Watu wakacheka. Watu hawa, ukiwaonyesha kidole wanacheka.

"Njoo kwanza wewe," nikamwambia. "Nipashe mkono moto."

"Mimi? Mimi nitakuumiza, mdogo wangu."

"Njoo."

Alikuja akijitunisha. Baba, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha kunyolea kama hakimu, akahesabu: moja, mbili, tatu. Nikatoa karatasi. Muuza nyama akatoa jiwe.

"Bahati!" akapiga kelele.

Tukarudia. Nikatoa jiwe, yeye mkasi. Mara ya tatu nikatoa jiwe tena, yeye mkasi tena.

"Huyu ana uchawi!"

"Sina uchawi," nikasema, na nilisema kwa sauti ili wote wajifunze. "Mwanamume mwenye kifua kama chako huanza na jiwe, maana anadhani anapigana. Akifungwa, anaona aibu, anakimbilia kitu chenye makali. Akifungwa tena, anakasirika, na mtu mwenye hasira hurudia kosa lake ili alilazimishe liwe sahihi. Wewe si mchezaji. Wewe ni saa ya ukutani, mtu anakutazama tu anajua unaelekea wapi."

Hata dereva wa teksi alicheka mpaka beseni likalia. Muuza nyama akarudi mlangoni kwake amenuna. Hakunishika mkono. Sikuutaka, una mafuta.

Huo ndio ubovu wa wachezaji wote niliowahi kukutana nao: wanafikiri. Mtu akifikiri, uso wake unafikiri pamoja naye. Anayetaka kutoa karatasi hulegeza kidole gumba mapema. Anayetaka kutoa mkasi huvuta pumzi. Anayetaka kuwa mjanja anafikiria unachodhani yeye anafikiria, kisha anatoa jiwe.

Mchezo ukiwa wa kweli, mimi sifikirii. Mimi nina shairi.

Leo nawaambia siri yangu kwa kuwa imekwisha kuniponyoka, mtaona jinsi gani. Niliketi nikatunga ubeti mmoja, safi, mizani kamili, vina vya kati na vya mwisho, bila mwalimu wala darasa. Huu hapa:

*Simba mimi sina hofu, paka wote nawajua,*
*Kiganja chao dhaifu, kabla hawajakunjua,*
*Nawasoma kama safu, nyuso zao nachambua,*
*Watabaki na upofu, kiti changu nachukua.*

Mkono unapopanda na kushuka, ninasoma neno moja moyoni. Neno likiishia na a, natoa jiwe. Likiishia na e au i, karatasi. Likiishia na o au u, mkasi. Simba, jiwe. Mimi, karatasi. Sina, jiwe. Hofu, mkasi. Naendelea hivyo mpaka adui yangu anaomba maji.

Nani atausoma uso wangu? Uso wangu haujui neno linalokuja. Unasikiliza tu shairi. Ningeogopa kama kungekuwa na mtu mwingine mtaani mwenye akili ya kulijua. Nilitazama huku na huku, sikumwona.

"Haya, wanangu," baba akasema. "Wa kwanza kufikisha tano."

Gogo akasimama mbele yangu. Amenizidi kimo, amenizidi mabega, na macho yake yamepoa kama chai iliyosahaulika. Tangu utotoni anatoa jiwe. Jiwe asubuhi, jiwe jioni. Mjinga angesema, basi mpe karatasi umalize kazi. Lakini nilijua shemeji, mkewe, atakuwa amemwambia abadilishe leo. Yule mwanamke si mwepesi. Kwa hiyo nikabaki na shairi langu.

"Umelala vizuri, mdogo wangu?" Gogo akaniuliza.

"Nimelala kama mwenye saluni."

Akatikisa kichwa tu.

"Moja, mbili, tatu!"

*Simba.* Jiwe. Gogo akatoa mkasi.

Chumba kikaguna. Gogo na mkasi! Moja kwangu.

*Mimi.* Karatasi. Gogo jiwe. Mbili kwangu.

"Amerudi kwao," nikasema. Watu wakacheka.

*Sina.* Jiwe. Gogo karatasi. Moja kwake. Nikamwinamia kidogo kama mtu anayemsifu mtoto aliyeweza kuvaa viatu.

*Hofu.* Nikashusha mkasi. Na hapa, sikilizeni vizuri. Mkono wa Gogo ulishuka umefumba. Niliuona kwa macho yangu, jiwe tupu, jiwe la maisha yake yote. Kisha, mkasi wangu ukiwa tayari unaonekana, vidole vyake vikafunguka. Karatasi.

"Umechelewa," baba akasema.

"Umechelewa!" muuza nyama akaunga mkono. "Rudieni!"

Sheria ni sheria: mkono ukichelewa, mnarudia. Lakini wanaume wa mtaa mzima huchelewesha mkono ili washinde. Huyu alichelewesha akashindwa. Nani analalamikia hilo?

"Baba, achana nalo," nikasema. "Amechelewa na bado amefungwa. Tumhurumie, tuhesabu."

"Unakubali mkono uliochelewa?"

"Nakubali."

Baba akanitazama kwa muda. Kisha akamtazama Gogo. "Na wewe?"

"Hesabu, baba," Gogo akasema.

Tatu kwangu, moja kwake. *Paka*, jiwe, akanifunika, tatu kwa mbili. *Wote*, karatasi juu ya jiwe lake, nne kwa mbili. *Nawajua*, jiwe kwa jiwe, suluhu. *Kiganja*, jiwe.

Gogo akatoa mkasi.

Tano!

Sikumbuki nilisema nini. Nadhani niliruka. Nadhani nilipanda juu ya benchi la wateja na kuusoma ubeti wangu wote kwa sauti, kuanzia simba mpaka kiti, nikawaambia huo ndio uliomfunga, wapeleke habari sokoni. Muuza nyama, mnafiki yule, ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

Gogo akaja, akanishika mkono, akanitazama machoni sawasawa. Hakukunja uso. Hakunung'unika.

"Mkono wako umeshinda, mdogo wangu."

"Mjomba akikupa pasi ya makaa," nikamwambia, "usiishike upande wa moto."

Baba akatoa ufunguo wa saluni mfukoni. Mkono wake ulitetemeka, ufunguo ukalia kwenye mnyororo wake. Akauweka kiganjani mwangu. Ulikuwa na joto la mwili wake.

Hapo ndipo pazia la nyuma likafunguka kwa nguvu mpaka pete zake zikagongana.

Shemeji. Kumbe alikuwa akichungulia muda wote, mikono ina povu la sabuni, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. Hakunitazama mimi. Alimwendea mumewe.

"Simba!" akamwambia, na akamwonyesha ngumi. "Jiwe. Wewe ulitakiwa utoe nini?"

Gogo akarudi hatua moja nyuma.

"Nakuuliza! Simba, jiwe. Ulitakiwa utoe karatasi. Umetoa mkasi! Mimi, karatasi. Umetoa jiwe! Hofu, mkasi. Ulikuwa nalo mkononi, jiwe lako hilo hilo, umelifungua! Baba Watoto, umelifungua mwenyewe!"

Chumba kiliganda. Mimi niliganda kuliko chumba.

"Shemeji," nikasema, "hayo umeyatoa wapi?"

Sasa ndipo akanigeukia. "Nimeyatoa wapi? Wiki nzima, kila asubuhi kabla ya kufungua, nani anasimama mbele ya kioo hiki anajisemea maneno na kutikisa ngumi? Na nani anafagia nywele nyuma yako?"

"Nilikuwa nasoma moyoni."

"Moyoni! Moyo wako una mdomo mkubwa! Siku ya kwanza nilidhani umerukwa na akili. Siku ya pili nikaona, akisema simba anafumba, akisema mimi anafungua. Siku ya tatu nikiwa nafua nilikuwa nakutangulia kabla hujafika neno la pili. Nikamfundisha mwenzangu. Leo asubuhi hii tumefanya mazoezi uani, mimi nanong'ona shairi lako, yeye anakufunga. Alikufunga kila mara! Kila mara!"

Nyie mnaosoma, mniambie. Kila asubuhi nilimwona mwanamke yule kwenye kioo, nyuma ya bega langu, na fagio lake. Nilimwona kama mtu anavyoona ndoano ya kutundikia taulo. Shairi langu nisingelisema mbele ya mshairi. Mbele yake nililisema mara mia, tena kwa madoido, kwa sababu, niseme ukweli, shairi lisilosikiwa na mtu lilikuwa linaniwasha kooni.

Na ningeweza kulibadilisha! Neno moja tu, mahali pa simba niweke chui, wangepotea wote. Lakini ubeti ulikuwa umekamilika. Nani anagusa ubeti uliokamilika?

"Ni kweli?" baba akauliza. Hakuniuliza mimi. "Wewe. Ni kweli umejifungisha?"

Gogo akatazama viatu vyake. "Ndiyo, baba."

Baba akainuka kwenye kiti. Mikono inatetemeka, shingo haitetemeki. "Katika nyumba yangu, anayechelewesha mkono ni mtoto. Anayebadilisha mkono ni mwizi. Anayejifungisha..." Akatafuta neno, akalikosa. "Umemtukana mwenzako. Umenitukana mimi niliyekaa hapa kuhesabu. Kwa nini?"

"Baba, tuyaache."

"Kwa nini?"

Gogo akainua kichwa. Alisema polepole, kama anavyofanya kila kitu, na hakuna aliyemkatiza.

"Kwa mjomba mimi nitakaa. Nitafua, nitakunja, nitarudi nyumbani jioni. Huyu ukimpeleka kwa mjomba atakaa wiki moja. Ataona tumbo la mjomba, atalitungia shairi. Atafukuzwa. Na mjomba akimfukuza, baba, ndiyo basi. Hakuna pengine pa kumpeleka."

Kisha akaongeza, na hii ndiyo iliyoniua:

"Mimi naweza kushindwa. Yeye hawezi kushindwa tena."

Nimetukanwa maishani. Meneja alinitukana hadharani. Mwenye nyumba alinitukana na ukoo wangu wote. Hakuna aliyenigusa, niliwarudishia kwa mizani. Lakini hili lilisemwa bila chuki, mbele ya dereva wa teksi, na sikupata kina chake.

"Na watoto wako?" shemeji akamwambia mumewe, sauti imeshuka. "Miaka yote umesimama nyuma ya kiti hiki. Wateja wanakutaka wewe. Uliwaza watoto wako wakati unafungua hicho kiganja?"

"Niliwaza."

"Ukafungua."

"Nikafungua."

Baba akanigeukia. Nilitamani asinigeukie.

"Na wewe. Mkono uliochelewa uliuona."

"Niliuona, baba."

"Ukaukubali kwa sababu ulikupa pointi."

Nikatazama dari.

"Basi mko sawa, mmenichezea wote wawili. Lakini mkono ulioonyeshwa haubadilishwi; hiyo sheria niliiweka mimi na siivunji leo kwa ajili yenu. Umefikisha tano. Ufunguo uko kwako. Atakayeweza kuutoa hapo ni wewe peke yako."

"Malenga, funga mkono huo!" muuza nyama akapaza sauti kutoka mlangoni. "Umeshinda! Huruma ni ya kwao, saluni ni yako! Usiwe mjinga!"

Nilitazama ufunguo. Nilitazama kiti, ngozi yake iliyochakaa mahali pa viwiko. Mle ndani mlikuwa na kila kitu nilichotaka: jina langu mlangoni, mashairi yangu ukutani, vichwa vya mtaa mzima chini ya mkono wangu, vimeinama, vinanisikiliza vitake visitake. Ilinibidi nifunge vidole tu.

Na kila siku, saa ya kufungua mlango, ningejua nimepewa. Na shemeji angepita nje na watoto wake, wanaelekea kwa dobi, na angenitazama kama nilivyokuwa namtazama kwenye kioo.

"Rudi mwenyewe mchezoni," nikamwambia Gogo. "Rudi tucheze."

"Mdogo wangu, chukua. Sina kinyongo."

"Usiniambie huna kinyongo! Afadhali ungekuwa nacho!"

"Utacheza na nini?" shemeji akaniuliza. Hakuwa ananikejeli, alitaka kujua kweli. "Shairi lako ninalo kichwani. Ukitunga jingine, nitalipata nalo, na nitamfundisha."

Nilifungua mdomo nimjibu. Kwa mara ya kwanza tangu nijue kusema, hapakuwa na neno. Nilikuwa nimewacheka wote wanaocheza kwa kufikiri, na sasa nilijitazama, nikaona kuwa mimi sijui kucheza kabisa. Sijawahi kumsoma kaka yangu hata siku moja. Hata leo, mkono wake ulipofunguka mbele ya macho yangu, nilichokiona ni pointi yangu.

Nikauweka ufunguo mkononi mwa baba. Muuza nyama akatukana, akaondoka.

Nikamfuata Gogo pale aliposimama. Nikamshika mkono, na safari hii sikutazama dari. Kumtazama mtu machoni wakati amekushinda ni kazi ngumu, nyie acheni tu. Macho yake hayakuwa yamepoa hata kidogo. Yalikuwa yameloa.

"Kaka," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "nakuahidi mbele ya baba na mbele ya mkeo. Jumapili ijayo nitasimama hapa bila ubeti, nitacheza na wewe mwenyewe, na wewe utacheza kunifunga. Ukinifunga, Jumatatu asubuhi nitakuwa kwa mjomba nafua mashuka, na mwaka mzima nitalitazama tumbo lake na sitafungua mdomo."